Maswali na Majibu: Umetoka kwenye Usaili wa Uuguzi, Unashukuruje?

Nimekaa kwenye majopo ya usaili wa wauguzi miaka mingi kabla sijastaafu umetroni, yaani ukuu wa wauguzi. Suala hili la kushukuru baada ya usaili lina upande unaonifurahisha na upande unaoniumiza. Maswali ya safari hii yamegusa pande zote mbili.

Shikamoo Mama. Jana nimefanya usaili hospitali ya binafsi hapa Morogoro. Ni lazima nitume ujumbe wa shukrani?

Marahaba mwanangu. Si lazima. Tuma, na utume leo.

Mama naomba sampuli ya barua ya shukrani. (Wasomaji wengi)

Sitoi. Nimeshakataa na leo nakataa tena, na sababu ni hii. Siku moja niliwekewa mezani barua tatu kutoka kwa wasailiwa watatu. Maneno yalikuwa yale yale, hata kosa la tahajia kwenye mstari wa pili lilikuwa lile lile, na mmoja wao alisahau kufuta jina la hospitali nyingine. Muuguzi anayenakili barua bila kuisoma, kesho atanakili vipimo vya presha vya zamu iliyopita bila kumgusa mgonjwa. Hayo nimeyaona wodini, na ndiyo maana sioni sampuli kama jambo dogo.

Mistari minne au mitano inatosha. Taja tarehe ya usaili na nafasi uliyoomba, kisha jambo moja mlilozungumza ninyi na ambalo mwenzako hawezi kuliandika. Kama metroni alikueleza kuwa wodi ya wazazi usiku inabaki na wauguzi wawili, na wewe umetoka kituo cha afya ulikokuwa unazalisha peke yako hadi alfajiri, hilo ndilo la kuandika. Jina la unayemwandikia liwe sahihi. Kama hulijui, piga simu mapokezi uulize.

Usimtaje mgonjwa. Niliwahi kusoma barua ya binti aliyetaka kuonyesha moyo wake wa huruma, akaeleza habari za mama mmoja, kijiji chake, idadi ya watoto wake na hali yake ya VVU. Nia ilikuwa njema, lakini yeyote wa kijiji kile angemtambua mama yule. Siri ya mgonjwa haifunguliwi hata kwa kumsifu.

Niliulizwa kuhusu kifafa cha mimba, nikakosea dozi ya kuanzia ya dawa yake, magnesiamu salfeti. Nimekumbuka nikiwa kwenye daladala. Nikisahihisha kwenye ujumbe wa shukrani si nitajiharibia?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Sahihisha.

Shukuru kwanza, kisha andika wazi: "Nilipoulizwa dozi ya kuanzia nilikosea. Jibu sahihi ni gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 10 kwenye misuli, yaani gramu 5 kila tako." Ukipenda, ongeza unachoangalia kabla ya kurudia dozi: upumuaji usiwe chini ya mara 16 kwa dakika, mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, ukigonga goti mguu uitike, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima magnesiamu ikizidi mwilini, iwe karibu. Usijitetee kwa kuandika kwamba ulikuwa na hofu au hukulala. Taja kosa, toa jibu, basi.

Inawezekana alama zimeshajazwa na hazitabadilika. Mimi nakwambia nilivyokuwa natazama nikiwa upande ule wa meza. Dozi inafundishika kwa wiki moja, tena inabandikwa ukutani kwenye chumba cha kujifungulia. Kitu kigumu kumfundisha mtu mzima ni kurudi mwenyewe, bila kukamatwa, na kusema "nilikosea". Muuguzi aliyechoma sindano isiyo sahihi saa nane usiku akanyamaza ni hatari kuliko asiyejua dozi akauliza. Nilipompata wa kurudi na kosa lake, nilimpigania kwenye jopo.

Ila hakikisha umefungua mwongozo kabla ya kuandika. Ukikosea mara ya pili kwa maandishi, sina la kukutetea.

Nimefanya usaili wa mahojiano wa Sekretarieti ya Ajira. Nimepata namba ya simu ya mmoja wa wasaili. Nimpigie kumshukuru?

Hapana. Usimpigie, usimtumie meseji, na namba hiyo ifute. Kwenye ajira za serikali umepita mchujo, umekaa mbele ya jopo, alama zimeandikwa, na majibu utayafuata kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Simu yako haina pa kuongeza alama, na msaili mwadilifu ataiona kama jaribio la kumrubuni. Shukrani yako ulipaswa kuitoa pale pale kabla hujafunga mlango. Na aliyekupa namba hiyo, jiulize anataka nini.

Shemeji anasema kushukuru kwa maneno matupu ni ushamba. Niandae "asante" ya laki mbili kwa katibu wa hospitali.

Huu ndio upande unaoniumiza. Tumelichukua neno asante, neno la kwanza tunalomfundisha mtoto, tukaliweka ndani ya bahasha. Bahasha hiyo inaitwa rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inambana anayetoa pamoja na anayepokea, kwa hiyo shemeji anakupeleka pabaya. Ukiombwa, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113 na haina gharama.

Fikiri pia unanunua nini. Aliyekuingiza kwa laki mbili atakudai tena siku ya kupanga zamu, na tena siku ya kuthibitishwa kazini. Mwisho na wewe utaanza kumdai mama mjamzito "asante" ya glovu. Mnyororo huo hauishii ofisini, unaishia kitandani kwa mgonjwa.

Nimeandikiwa pia na binti ambaye sitasema yuko wapi. Mmoja wa waliomsaili anataka "ashukuriwe" jioni, nyumba ya wageni. Mwanangu, usiende. Hata ukienda na rafiki, usiende. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa lililotajwa kwenye kifungu cha 25 cha sheria hiyo hiyo. Meseji zake usizifute, zihifadhi, umwonyeshe mtu mzima unayemwamini, kisha upige 113. Kazi zipo nyingine, na aibu ni ya kwake.

Niko Mombasa. Nimesailiwa kwa mtandao na hospitali ya umma ya Uingereza. Wakala anataka pesa aniandikie barua ya shukrani "ya kimataifa".

Usimlipe. Mwongozo wa Uingereza wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje unakataza mawakala kumtoza ada mtafuta kazi. Kwenye hospitali zao za umma kila msailiwa huulizwa maswali yale yale na kupewa alama, hivyo barua haitakuongezea kitu. Mistari miwili kwa barua pepe inatosha, na hiyo utaiandika mwenyewe, maana Kiingereza chako ndicho watakachokipima.

Kwa wasomaji wa Tanzania: nchi yetu imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa sababu hiyo mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuwatafuta huku. Ukitaka kwenda, omba mwenyewe moja kwa moja. Anayekufuata hosteli na fomu mkononi, mkimbie.

Nimetuma kwa WhatsApp saa tano usiku. Ni vibaya?

Ndiyo. Safari nyingine tumia barua pepe, saa za kazi.

Nimeambiwa sikupata. Bado nishukuru?

Shukuru, tena hiyo ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kuna mwaka tuliyemchagua alipata kazi kwingine kabla hajaripoti. Tulipokaa kutafuta mbadala, barua ya binti aliyekosa ilikuwa bado juu ya faili. Alikuwa ameshukuru na kuuliza aongeze nini kwenye ujuzi wake. Tulimpigia siku hiyo hiyo.

Siku tatu zimepita sijajibiwa. Nitume tena?

Usitume. Washa simu, na uangalie leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga inaisha lini.