Samaki anayekaa ndani ya gogo: anapumuaje?

SWALI: Mtaalamu, nafundisha baiolojia hapa Tanga. Mwanafunzi wangu amesoma kwamba ng'ambo kuna samaki wa mikoko anayekaa ndani ya gogo wiki nyingi bila maji, tena anazaa bila dume. Anapumuaje, na matamvua ya samaki yakikosa maji hushikana? Na je, ndiye huyu anayerukaruka kwenye tope letu?

JIBU: Mwalimu, alichosoma ni kweli. Huyo ni Kryptolebias marmoratus, rivulasi wa mikoko, samaki asiyezidi urefu wa kidole. Kwao ni Florida, Belize na visiwa vya Karibi. Huyu wetu wa topeni, mwenye macho juu ya kichwa, ni Periophthalmus, jamii nyingine kabisa. Yeye hutoka majini kutafuta chakula. Rivulasi hutoka kwa sababu maji yenyewe yamemshinda.

Huishi sehemu ya juu ya mikoko, ambako maji hufika hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida. Yakiingia maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, vidimbwi hukauka, na maji yanayobaki kwenye mashimo ya kaa huishiwa oksijeni na kujaa salfaidi ya hidrojeni, ile gesi inayonuka mayai viza. Hapo rivulasi hujipiga mkia, akaruka mpaka kwenye majani yaliyooza au gogo lenye vijia vya wadudu, akajipenyeza ndani. Watafiti waliopasua magogo ya aina hiyo huko Belize na Florida waliwakuta wamejipanga ndani ya vijia, mmoja nyuma ya mwenzake. Majini ni wagomvi sana, humo wametulia.

Kuhusu matamvua, umeuliza penyewe hasa. Akiwa nchi kavu, seli huota katikati ya vijani vya matamvua na kujaza nafasi, na akirudi majini hupungua tena. Wakati huo ngozi ndiyo inayofanya kazi. Mishipa midogo ya damu iko karibu mno na uso wa ngozi, kiasi kwamba oksijeni huingia moja kwa moja kutoka hewani. Ngozi hiyohiyo ina seli za kurekebisha chumvi mwilini, na hata amonia hutokea hapo, sehemu yake ikiwa gesi. Sharti ni unyevu. Ngozi ikikauka, samaki amekufa. Penye unyevu amewahi kuishi mpaka siku 66.

Suala la dume lisahihishe kidogo darasani: dume yupo, ila hategemewi. Wengi wao ni huntha, wenye kiungo kinachotoa mayai na mbegu pamoja, na mayai hurutubishwa ndani ya mwili kabla ya kutagwa. Robert Harrington alilieleza jambo hili mwaka 1961. Vizazi vikipita, watoto huwa nakala ya mzazi. Madume, wenye rangi ya machungwa, ni adimu Florida, lakini baadhi ya visiwa vya Belize wanao kwa wingi, na huko ndiko damu huchanganyika.

Ninaloomba usiliruke ni gogo lenyewe. Samaki huyu huvumilia maji baridi yasiyo na chumvi na maji yenye chumvi kuliko bahari, na huntha mmoja aweza kuanzisha ukoo peke yake. Ni rahisi kudhani hadhuriki. Lakini miaka ya 1950 na 1960, maeneo makubwa ya mikoko ya pwani ya mashariki ya Florida yalizungushiwa matuta na kujazwa maji ili mbu wasizaliane. Ukanda ule wa kulowa na kukauka ukazama, pamoja na mashimo ya kaa. Kwake yeye, maji mengi yasiyokupwa ni hasara sawa na mkoko uliokatwa.

Ukiwapeleka wanafunzi mikokoni, rivulasi hawatamwona. Waonyeshe gogo bovu hata hivyo. Waligeuze taratibu, waandike kila kiumbe watakachokikuta, kisha walirudishe kama lilivyokuwa, upande wenye unyevu chini.