Jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mtindi na panya wa maabara

Dada yangu, umeuliza: kama panya wamewekewa bakteria wazuri ukeni wakapona vajinosisi ya bakteria, ule ugonjwa wa ukeni wenye harufu ya shombo, mbona famasi za hapa Tanga dawa hiyo haipo, na je, mtindi hauwezi kushika nafasi yake? Nimetunza panya wa maabara miaka minne, nakujibu kwa nilichokiona.

Kila asubuhi tulimdondoshea panya jike maji kidogo ya chumvi kwa pipeti, tukayavuta, tukayapaka kwenye slaidi. Leo hadubini inakuonyesha seli bapa zisizo na kiini, zimelaliana kama magamba ya changu. Siku mbili baadaye zimejaa chembe nyeupe za damu. Mzunguko wake mzima ni siku 4 au 5! Ngozi ya ndani inachunika upesi, bakteria uliowapandikiza hawapati pa kukaa, ndiyo maana mara nyingi panya huchomwa estrojeni, homoni ya kike, kwanza.

Na uke wake hauna ukali kama wetu. Kwetu laktobasili, ndio hao bakteria wazuri, hutengeneza asidi ya laktiki, pH (kipimo cha ukali; ikishuka, ukali umezidi) ikashuka chini ya 4.5, na vijidudu vinavyoleta lile shombo vinashindwa kustawi. Kwa panya hakuna hali hiyo. Hata makaki, kima wa Asia, laktobasili wake ni wachache. Faida ya kujaribu kwa wanyama ipo, lakini: mwaka 2011 makaki waliopewa laktobasili waliobadilishwa ili watoe protini ya kuzuia virusi, maambukizi ya kirusi kinachofanana na VVU yalipungua kwa asilimia 63. Kumwekea mwanamke kirusi makusudi ili ujaribu, huwezi.

Jibu linalotuhusu lilitoka kwa wanawake wenyewe, 228, huko Marekani, mwaka 2020. Wote walitibiwa kwanza kwa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria. Kufikia wiki ya 12, tatizo liliwarudia asilimia 30 ya waliopewa Lactobacillus crispatus, aina moja ya laktobasili, na 45 ya waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na bakteria ndani. Nafuu ipo, ila bado wengi liliwarudia.

Mtindi una bakteria wa maziwa, siyo hao. Mimi niliuweka, na shabu juu yake, kwa ushauri wa jirani. Nililia kwa kuwashwa siku tatu. Tafadhali usifanye. Osha nje tu kwa maji, nenda kituo cha afya wachukue ute wapime, na vidonge watakavyokupa umalize hata harufu ikikata siku ya pili. Ukipimwa pH, rudi hapa uniambie imesoma ngapi.