Arjinini ya vidonge: maswali ya wasomaji

Swali: Arjinini ni nini, na mwili unaihitaji kwa kazi gani?

Ni mojawapo ya asidi amino 20 zinazounganishwa kujenga protini. Mtu mzima mwenye afya huitengeneza mwenyewe, hasa kwenye figo, na nyingine huipata katika nyama, samaki, karanga na jamii ya kunde. Upungufu hujitokeza zaidi kwa watoto njiti au kwa mgonjwa aliyeumia vibaya. Kwenye ini hushiriki katika kugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa urea inayotolewa kwa mkojo. Kazi iliyoipa umaarufu, hata hivyo, iko kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu, ambako kimeng'enya maalumu huitumia kutengeneza nitriki oksidi, gesi inayoilegeza misuli ya ukuta wa mshipa hadi mshipa ukatanuka. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua jinsi gesi hiyo inavyopeleka ujumbe mwilini, na wauzaji wa vidonge hawajaacha kuitaja tuzo hiyo tangu wakati huo, ingawa haikutolewa kwa ajili ya vidonge.

Swali: Kwa hiyo nikimeza nyingi, mishipa itatanuka zaidi?

Si lazima. Sehemu kubwa ya arjinini iliyomezwa huvunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla haijaingia katika mzunguko wa damu. Isitoshe, kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi hutosheka na kiwango kidogo sana kuliko kile ambacho tayari kimo katika damu ya mtu mwenye afya. Jambo la kushangaza ni kwamba asidi amino nyingine, sitrulini, ambayo hupita kwenye ini bila kuguswa sana na kisha kugeuzwa arjinini na figo, huongeza arjinini katika damu kuliko arjinini yenyewe inavyofanya. Pamoja na hayo yote, majaribio kadhaa yameonyesha kwamba vidonge vya arjinini hushusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu aache dawa alizoandikiwa.

Swali: Nanyanyua vyuma. Je, itanijengea misuli?

Ushahidi ni dhaifu na matokeo yanakinzana. Kwa kijana mwenye afya anayekula protini ya kutosha, sioni sababu ya kuinunua.

Swali: Baba yangu alipata shambulio la moyo miezi michache iliyopita. Tumpe?

Hapana. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani kwa wagonjwa 153 waliotoka kupata shambulio la moyo, ambapo baadhi yao walipewa gramu 3 za arjinini mara tatu kwa siku na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Mishipa haikupungua ugumu na moyo haukusukuma damu vizuri zaidi, huku wagonjwa 6 wa kundi la arjinini wakifariki na katika kundi la pili asifariki hata mmoja, ndipo jaribio likasitishwa kabla ya muda wake. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha kwamba arjinini ndiyo iliyowaua. Lakini kwa kuwa hakuna faida yoyote iliyoonekana, hakuna sababu ya kumwingiza mzee katika hatari hiyo.

Swali: Natumia dawa za presha. Naweza kuichanganya nazo?

Usianze kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa sababu zikitumika pamoja presha inaweza kushuka kupita kiasi, ukapata kizunguzungu au ukazimia. Tahadhari hiyo inawahusu pia wanaotumia nitrati kwa maumivu ya kifua na wanaotumia sildenafili kwa upungufu wa nguvu za kiume. Dozi kubwa inayomezwa kwa mkupuo mmoja huleta kichefuchefu, tumbo kujaa gesi na kuhara. Unapokwenda kwa daktari, beba kichupa chenyewe, maana kiasi kilichoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni cha vidonge viwili au vitatu kwa pamoja, si cha kidonge kimoja.