Kabla hujakubali giaboksi ishushwe, fungua boneti uangalie kikopo cha brek fluidi

Sasa bwana hii ilinikuta na Hilux ya mzee, ile ya manuali, napandisha mlima Kitonga nyuma ya foleni ya malori, kukanyaga klachi pedeli ikaenda chini ikalala hukohuko, nikawa nainua kwa kidole cha mguu. Nikaipampu kama mara tano ikarudi, gia ikaingia, nikaenda hivyohivyo hadi Ilula jasho linanitoka.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. "Bosi hapa klachi pleti imekwisha, tunashusha giaboksi." Na bei akataja palepale, yani kama alikuwa ananisubiri.

Ila kuna kitu kilinigomea kichwani. Klachi pleti iliyoisha inateleza, unakanyaga mafuta injini inalia lakini gari haliongezi mwendo, tena kilimani ndo unasikia kabisa ile harufu ya kuungua. Yangu ilikuwa inavuta mlima vizuri tu, shida yake klachi haikati, yani ukikanyaga haitenganishi injini na giaboksi. Nikazima injini nikajaribu gia zote, zikaingia laini kama siagi, nikawasha, zikagoma, rivasi ndo ikakwaruza mpaka watu wakageuka. Ukiona hivyo jua giaboksi unaisingizia, angalia kinachosukuma klachi, yani brek fluidi na silinda zake, na kama ukipampu inapata nafuu basi kuna upepo ndani ya fluidi au kuna mahali inavuja, au raba za klachi masta (ile silinda ya juu inayosukumwa na pedeli) zimechoka zinapitisha kwa ndani bila kudondosha hata tone.

Nikafungua kikopo, kimebaki kidogo chini na fluidi nyeusi kama soda ya kola. Fluidi nzima ni nyeupe au ya manjano hafifu unaona mpaka chini, hiyo nyeusi mara nyingi ni uchafu na raba zinazolika. Nikaingiza mkono chini ya dashibodi pale fimbo ya pedeli inapoingilia, kidole kikatoka kinateleza, zulia limelowa na rangi ya chuma imebabuka, maana brek fluidi inakula rangi. Basi hiyo ni klachi masta. Ingekuwa inadondoka chini, pembeni ya giaboksi, ningekamata ile silinda ya chini inayopokea fluidi na kusukuma klachi, unafunua kile kiraba chake unaona kama kumelowa.

Fundi wa pili akabadilisha masta, akaweka brek fluidi mpya ya DOT 3, tukatoa upepo kwa spana namba 10, mimi nakanyaga yeye anafungua nipo (kile kinati cha kutolea upepo), kama nusu saa hivi tukamaliza, giaboksi haikuguswa. Na tafadhali usije ukaongezea oili ya injini njiani kisa umekwama (kuna jamaa alishaniletea kabisa kopo), raba zote zinavimba unaanza kununua upya. Gari nyingine kikopo cha klachi na breki ni kimoja, kwa hiyo fluidi ikishuka usichukulie kwamba ni ishu ya klachi tu.

Wa otomatiki nyie mambo yenu mengine. Gari ikichelewa kushika ukiweka D au R, hasa asubuhi, pima oili ya giaboksi kwanza. Toyota nyingi zenye dipstiki unapima gari ikiwa ya moto, injini inaunguruma, umepitisha gia zote ukarudi P, sio kama oili ya injini. Nyekundu safi ni sawa, kahawia yenye harufu ya kuungua klachi za ndani zimeanza kuungua, na ikiwa ya pinki kama maziwa ya stroberi usiwashe tena hiyo gari, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi. Kama ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) weka oili ya CVT, fundi akikwambia zote ni moja mshukuru uondoke.