Mapenzi yaingie, ila yapewe kazi

Swali lenu la wiki hii linasema: ukienda likizo na hadithi moja tu ya upelelezi, ile nyepesi isiyo na damu, ungependa iwe imetokea wapi, na mapenzi yaingie humo au yabaki mlangoni? Mimi ningependa itokee Kitulo, uwanda wa maua huku Nyanda za Juu Kusini, mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimeshika. Na mapenzi yaingie, ila yapewe kazi.

Wanaoyakataa mapenzi kwenye upelelezi wana hoja. Nimesoma hadithi ambazo mpelelezi anaziacha nyayo za mwizi zikiwa bado mbichi, anaanza kusifia macho ya binti kurasa nne nzima, na akirudi kwenye kesi msomaji ameshasahau nani alikuwa na ufunguo wa stoo. Mapenzi ya aina hiyo yamebandikwa tu. Yabandue, kesi itabaki vilevile. Ninayoyataka mimi ni yale ambayo ukiyatoa, kesi haifunguki.

Na mfano hatuhitaji kuuazima mbali, maana kwetu posa yenyewe ni upelelezi. Kijana akitangaza nyumbani kwamba amepata mchumba, shangazi mtu anajifunga kitenge, anapanda Hiace, anakwenda kuulizia. Anafika kijijini kwa kina binti kwa kisingizio cha kutafuta maharage. Anaanzia dukani, anapita kwa mjumbe, anamalizia kwa jirani aliyewahi kugombana nao, kwa sababu huyo ndiye hafichi. Ukoo wao wakoje? Kuna maradhi ya kurithi? Mama yake anaishije na watu? Huyo binti mwenyewe akiamka asubuhi anashika nini kwanza? Jioni anarudi, wazee wanakaa, neno la huyu linapimwa kwa neno la yule, na hukumu inatoka. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla, mwandishi ambaye kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 alitufungulia njia ya upelelezi wa Kiswahili, naye hakuwa polisi. Alikuwa raia mwenye akili ya kuunganisha mambo. Shangazi zetu ni wa shule hiyohiyo.

Nimefanya kazi ya mapokezi kwenye gesti moja pale Tukuyu kwa miaka, na kuna kitu ningemkabidhi mwandishi yeyote wa upelelezi kabla hajaandika mstari wa kwanza: kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, anakotoka, anakokwenda, namba ya chumba, saini. Mgeni asiye na jambo anakijaza huku anaongea na wewe, kalamu haisimami. Mwingine akifika kwenye safu ya kazi anainua kalamu, anatazama dari, kisha anaandika "mfanyabiashara". Anayeandika "anakokwenda" harakaharaka na "anakotoka" polepole, huyo muangalie. Na wapo walioshuka basi moja, wakaandikisha vyumba viwili kama vile hawajuani, na alfajiri nikipeleka maji ya moto naambiwa ndoo zote mbili niziache mlango mmoja. Sikuwahi kumwambia mtu. Mama wa gesti kwenye hadithi yangu naye awe hivyo: anajua, amenyamaza, mpaka atakapoulizwa swali lenyewe.

Sasa Kitulo. Ule uwanda uko juu ya mita 2,500, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, maana pale kuanzia Desemba hadi Aprili maua yanafunika nyasi, na okidi za ardhini ziko za aina nyingi kuliko utakavyoweza kuzikariri kwa safari moja. Kupanda kutokea Chimala mpaka Matamba, kijiji cha jirani na hifadhi, unapita barabara yenye kona 57, na jina lake ndilo hilohilo, Hamsini na Saba. Gari likianza kuzikata zile kona abiria wanaacha soga. Bonde la Usangu linabaki chini, mawingu yanaingia dirishani, wenye masweta wanayatoa kwenye mabegi.

Mwandishi wa upelelezi anahitaji mahali ambapo mtu haingii wala hatoki bila kuonekana. Wengine wanatumia kisiwa au meli. Matamba inatosha kabisa. Mgeni akishuka kwenye gari, kabla hajafika gesti watu wameshajua amebeba nini, amevaa viatu gani, na kwamba mwavuli hana.

Hadithi yangu ingeanzia kwenye treni ya TAZARA kutoka Dar. Muuguzi yuko likizo yake ya mwaka, tumwite Atupele, wazazi wake ni wa Kyela lakini yeye amekulia Temeke na milima anaisikia tu. Kwenye mabehewa ya kulala wanawake na wanaume hawachanganywi, labda mkate tiketi za chumba kizima, kwa hiyo watu wasiojuana hukutana kwenye korido au behewa la chakula. Hapo anakutana na bwana mmoja mpole mwenye daftari, anayemwachia nafasi ya dirishani treni inapokaribia mahandaki ya kabla ya Makambako. Wanaongea mpaka chai inapoa. Bwana anasema yeye anaishia Mbeya mjini. Wanaagana stesheni. Siku mbili baadaye Atupele anajaza kitabu cha wageni Matamba, anatupa jicho mstari wa juu, anaona jina la yule bwana. Kazi: mkulima. Anakotoka: Tunduma.

Msomaji ameshashtuka, na Atupele ameshafurahi. Hizo hisia mbili zikikaa pamoja kifuani mwa mtu mmoja, hadithi imeanza.

Kesho yake sweta la Atupele linapotea kwenye kamba ya kuanikia. Sweta lenyewe la zamani, limechoka viwiko. Kesho kutwa, watembeza wageni wanakuta mteremko mzima ndani ya hifadhi umechimbwa, mashimo madogomadogo kama ya panya, okidi zimelala majani juu. Kijiji kinaunganisha: kuna mwizi, na wageni ni hao wawili. Bwana wa daftari anatoka gesti kila jioni kwa mlango wa nyuma, anarudi usiku viatu vikiwa na ule udongo mweusi, na akiulizwa anasema alikuwa anatafuta mtandao. Atupele anaona kila kitu na hataki kukiona. Anamtetea kwa mama wa gesti, halafu usiku anahesabu saa za kutoka na kurudi kwake. Nesi ni mtu wa kuandika vipimo, ataandika hata asipotaka.

Wizi wa maua nimeuchagua kwa makusudi, maana huo upo kweli na unaniuma. Chini ya zile okidi kuna viazi vidogo wanavyoviita chikanda. Upande wa Zambia vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, vinapikwa mpaka vinashikana na kukatwa vipande, na soko lake ni kubwa kiasi kwamba viazi vinavuka mpaka kutoka huku kwetu. Ukikitoa kiazi, mmea umekufa. Anayechimba mara nyingi ni mtu wa kijijini anayetafuta ada ya mtoto, na anachopata ni kidogo. Anayenufaika amekaa na lori barabarani. Mwandishi akimfanya mchimbaji kuwa mwovu wa hadithi atakuwa amekamata mtu asiye, na mimi kitabu nitakifunga hapohapo. Mkosaji awe mnunuzi, mtu mcheshi, anayewanunulia wazee ulanzi na kuwasaidia vijana kusukuma gari kwenye tope, ambaye kila mtu anamwamini kwa sababu amekuja kununua viazi mviringo kama wanunuzi wote.

Na atakamatwa na nini? Na lumbesa. Hapa ningeomba mwandishi atulie, kwa sababu kidokezo hiki kiko wazi mbele ya macho ya kila msomaji wa Nyanda za Juu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini wakulima wetu wanajua mnunuzi anavyokuja na gunia lake, analijaza, analishonea kichwa cha kamba juu, anasukumiza viazi mpaka gunia linakuwa na kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Kila mkulima wa Makete na Njombe ameshalilia jambo hilo. Sasa katikati ya hadithi, kwa maneno mawili tu, mama wa gesti amsifu yule mnunuzi: huyu baba ni muungwana, magunia yake anayashona mdomo sawasawa, hataki lumbesa. Msomaji atapita hapo bila kusimama. Kurasa arobaini mbele, mama yuleyule akiwa anamenya viazi vya chakula cha jioni, kisu kinasimama mkononi. Mnunuzi gani wa viazi asiyetaka lumbesa? Ni yule ambaye viazi ni vya juu tu, na cha katikati hataki kiguswe wala kusukumwa, maana vidole vikibonyeza gunia vitakutana na vitu vidogo kuliko kiazi.

Lakini shaka si ushahidi. Nani ameona magunia yakijazwa? Hapa ndipo mapenzi yanafanya kazi niliyoyaitia.

Bwana wa daftari ameona. Kila jioni alikuwa anapita njia ya nyuma kwenda kwa bibi mmoja anayefuma masweta, ambaye ua wake unapakana na stoo aliyokodi mnunuzi. Yeye ndiye alichukua lile sweta bovu kwenye kamba, kwa ruhusa ya mama wa gesti, ili bibi apate kipimo cha kufuma jipya, zito, la baridi ya kule juu. Tangu kwenye treni alimuona Atupele anatetemeka. Mbeya mjini kweli ndiko alikokuwa anaishia. Amepanda Hamsini na Saba kwa sababu ya mazungumzo ya korido, na hilo hawezi kulisema kwa mtu mzima mwenzake bila kwanza kuwa na cha kumpa mkononi. Tunduma ana shamba, kweli ni mkulima. Kitabu cha wageni hakikudanganya hata neno. Ameona mizani ya usiku, ameona viazi vidogo vikimiminwa katikati, ameandika tarehe kwenye daftari lake bila kujua ni kitu gani. Akiulizwa alikuwa wapi, hasemi, maana akisema siri ya sweta imekwisha. Kufikia hapo kijiji kizima kinajua habari ya sweta, bibi mwenyewe ameshaisimulia bombani, na aliyefichwa ni mmoja tu, ambaye ndiye anayeshikilia hesabu ya saa.

Kwa nje, mwenye siri ya mapenzi na mwenye siri ya wizi wanatembea mwendo mmoja. Wote wanapita mlango wa nyuma, wote wanajibu swali kwa swali. Ndiyo maana nasema mapenzi na upelelezi havigombani: Atupele anamchunguza mtu kwa sababu anamshuku na kwa sababu anampenda, kwa macho yaleyale, na siku sweta likitoka kwenye mfuko wa plastiki swali la kwanza atakalouliza litafungua vyote viwili. "Ulikuwa kwa bibi mpaka saa ngapi?"

Baada ya hapo mambo yaende haraka. Askari wa hifadhi wanalisimamisha lori kabla halijaanza kushuka kona, gunia linafumuliwa barabarani, basi. Sihitaji kukimbizana wala risasi.

Wapenzi wasioane kwenye ukurasa wa mwisho. Likizo ina tarehe ya kuisha, na gari la alfajiri halingoji mtu amalize kulia. Ninachotaka ni mama wa gesti, akimsindikiza Atupele stendi, amuulize yule bwana mbele ya konda na abiria wote: wewe baba, mjomba unaye? Akijibu anaye, amwambie Kyela ni mbali, aanze kujipanga. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa zaidi.

Kurasa 120 zinatosha. Mtu aianze akiwa dirishani pale Uyole basi likitoka, aimalize kabla ya Mikumi, kwa sababu pale kuna tembo na twiga wa kutazama.

Msomaji, Mbeya