Vipandikizi vya nano: mengi huharibika kabla havijafika kwenye mfupa

Ukianza kazi thieta ya mifupa, Kisumu au Nakuru, utazoea kwanza trei ya skrubu za kawaida. Zisipotumika leo, zinarudi autoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) kusubiri mgonjwa mwingine. Mazoea hayo yaache siku utakapopewa kipandikizi, yaani skrubu, bamba au msumari wa kuwekwa mwilini, chenye tabaka la nano.

Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Fuwele za madini ya mfupa zina unene wa nanomita 2 hadi 5, kwa hiyo uso wa titani uliotengenezwa kwa vipimo vya aina hiyo huzipa seli za mfupa mahali pa kushika. Tabaka la haidroksiapataiti (madini yanayofanana na ya mfupa) la kupuliziwa kwa joto kali hufika mikromita 50, yaani nanomita 50,000, na zaidi, na huweza kubanduka. La nano laweza kuwa nanomita 20 tu. Halibanduki ovyo, ila likikwaruzwa jicho halioni.

Basi pima saizi kwanza kwa kifaa cha majaribio, kinachofanana na kipandikizi, ndipo ufungue pakiti. Shika kwa kishikio chake. Glavu huacha mafuta na unga, shashi huacha nyuzi. Titani iliyokaa wazi hunasa kaboni ya hewani: damu iliyopaswa kutambaa juu yake inajikusanya matone. Bamba usilikunje kama maelekezo ya kiwanda hayaruhusu, maana tabaka hupasuka penye kunjo. Pakiti ikishafunguliwa, usikirudishe kipandikizi autoklevu kwa kukisia, hata bei ikiuma.

Uji wa nano-haidroksiapataiti hujaza pengo, haubebi uzito. Fyonza damu kwanza, usiusukume kwa nguvu ndani ya uboho, na ukishaujaza usimwage maji tena juu yake. Mfupa bado unahitaji bamba au msumari.

Fedha ya nano, yaani chembe ndogo mno za madini ya fedha juu ya kipandikizi, ndiyo inayowadanganya wengi. Inapunguza bakteria kushika chuma, lakini haiingii kwenye mfupa uliokufa. Kwa mguu uliovunjika kwa ajali ya boda boda, kidonda wazi na udongo ndani, kazi ni ile ile: antibiotiki mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, kukata kilichokufa, na salini kwa wingi. Desturi ni lita 3, 6 au 9 kulingana na daraja la Gustilo, kipimo cha ukali wa mvunjiko wenye kidonda wazi.

Stika yenye namba ya toleo ibandike kwenye faili kabla mgonjwa hajatoka thieta. Eksirei haionyeshi tabaka la nanomita 20. Mfupa ukikataa kuunga, daktari atakayemwona hana njia nyingine ya kujua kilichowekwa.