Anza na ngazi ya mwanafunzi, kitabu kifuate

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika azimio la kazi la mwaka, jiulize wanafunzi wako wanaweza kufanya nini kwa Kiingereza leo. Nasema kufanya, maana mwanafunzi anaweza kukutajia nyakati zote za vitenzi na bado akashindwa kumsimulia mwenzake alichofanya jana.

Hapo ndipo ngazi za Baraza la Ulaya za kupima uwezo wa lugha, zilizochapishwa mwaka 2001, zinaponisaidia. Ni sita, kutoka chini kwenda juu: A1, A2, B1, B2, C1 na C2, na kila moja imeelezwa kwa matendo. Wa A1 hujitambulisha na kujibu maswali mepesi, mradi anayezungumza naye aende polepole. Wa B1 husimulia tukio na kutoa sababu fupi za maoni yake. Maelezo hayo nayageuza kuwa malengo ya kipindi, na kipindi kikiisha naona wazi kama lengo limefikiwa.

Pima kila stadi peke yake. Darasani kwangu ni kawaida kumkuta anayesoma kwa kiwango cha B1 huku kuzungumza kwake kuko A2, na kwa kuwa mtihani ni wa karatasi, hakuna anayeshtuka. Mwanafunzi huyo anahitaji vipindi vya kuzungumza, hata kama kitabu kinataka ufahamu mwingine.

Kisha hesabu saa. Wengi hulikwepa hili, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Makadirio ya Cambridge, watungaji wa mitihani ya Kiingereza, ni saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili kufika A2 kutoka mwanzo, na 350 hadi 400 kufika B1. Ukiwa na vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki, kwa wiki 36, unapata saa 96 kwa mwaka. Kutoka A2 hadi B1 ni kazi ya karibu miaka miwili, tena kama hakuna kipindi kilichopotea. Uongozi ukidai darasa lipande ngazi nzima kwa muhula mmoja, waonyeshe hesabu hiyo. Mimi huigawa ngazi: muhula huu kusimulia yaliyopita, ujao kutoa sababu.

Darasa likiwa na ngazi mchanganyiko, wape wote habari ileile ila ubadilishe kazi. Wa A1 atafute majina na mahali, wa A2 apange matukio, wa B1 aeleze anakubaliana na nani na kwa nini. Makundi hayo yasiwe ya kudumu. Mtoto akizoea kukaa kundi la chini huacha kujaribu.